Mtu Mzima Aandike Maneno Yake Mwenyewe

Mwaka 1958 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, lilitoa maana ya mtu anayejua kusoma na kuandika. Maana yenyewe ni fupi. Ni yule awezaye kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na mepesi kuhusu maisha yake ya kila siku. Tangu mwaka 1967 dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kisomo kila tarehe 8 Septemba, na hotuba husomwa nyingi. Lakini ni mara chache maana ile husomwa mpaka neno lake la mwisho. Haikuishia kwenye kusoma, wala haikutaja kunakili. Inadai mtu aandike, tena aandike kuhusu maisha yake yeye.

Leo nataka tuizungumze nusu hiyo ya pili, ambayo naona tumeiacha njiani.

Nchi yetu haina sababu ya kuona haya katika jambo la kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wenye umri wa kutosha wanakumbuka taa za kandili zikiwaka madarasani jioni, akina mama wakiwa na watoto mgongoni na kalamu mkononi. Redio nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha wanakikundi wakatoka nje kuchimba choo au kufukia dimbwi la mbu. Miaka miwili baadaye ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Kufikia mwaka 1986 takwimu zilionyesha kuwa wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki karibu asilimia 10 tu ya watu wazima. Ni kazi iliyotupa sifa duniani.

Hata hivyo, hebu tujiulize: yule mtu mzima aliyehitimu kisomo aliandika nini baada ya kupata cheti chake? Aliandika jina lake. Alinakili sentensi ya mwalimu kutoka ubaoni. Akiwa na jamaa mbali, aliandika barua, nayo aliijaza yale maneno tuliyoyarithi sote: dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako. Salamu hizo zina adabu na sizibezi. Lakini mara nyingi ziliichukua karatasi yote, na habari yenyewe ikabanwa katika mstari mmoja pembeni: ng'ombe amekufa, mtoto amefukuzwa shule, tuma fedha.

Stadi isiyotumika hupata kutu. Mtu anayenakili tu hajifunzi kuandika, sawa na mtu anayebebwa mgongoni, ambaye hajifunzi njia. Na huyo asiyeweza kuandika habari yake lazima atafute wa kumwandikia.

Hapo ndipo penye hatari. Mjini waandishi wa kukodi hawakosekani. Wapo jirani na mahakama, wapo katika vibanda vya kuchapa na kutoa nakala. Wengi wao ni watu waungwana na wanawasaidia wananchi. Lakini wana barua moja waliyoizoea, na kila shida inayokuja wanaivisha nguo ileile. Anayedai mirathi, anayedai mshahara na anayelalamikia mpaka wa kiwanja, wote wanatoka pale na karatasi inayoanza "husika na somo tajwa hapo juu". Mwenye shida anaweka sahihi chini ya maneno ambayo si yake, na pengine hayaelewi. Siku akiulizwa juu ya jambo lililo katika barua yake mwenyewe, anababaika, na anayemwuliza anadhani anasema uongo.

Nimepata nafasi ya kukaa na darasa la watu wazima linalokutana jioni katika shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam. Niliombwa niwafundishe kuandika na kuhariri. Walikuwepo mama lishe, mama muuza samaki wa Feri, fundi cherehani, kijana wa kuosha magari, mlinzi wa usiku na mzee mmoja mstaafu wa reli. Wote walijua kusoma. Wote walisema hawajui kuandika, maana yao ni kwamba hawajui kuandika kama wasomi. Nataka niwaeleze mazoezi tuliyofanya, kwa sababu hayahitaji fedha. Yanahitaji daftari, kalamu na watu wanaoheshimiana.

Zoezi la kwanza ni la dakika kumi. Mwalimu anatoa maneno mawili, "Mikono yangu", na kila mtu anaendelea kuandika mpaka muda uishe. Masharti ni mawili: usifute, na usiinue kalamu kufikiri tahajia. Ukikosa neno, weka mstari uendelee. Mtu mzima aliyeacha shule miaka mingi anaogopa kalamu nyekundu kuliko anavyoogopa mbwa. Lazima kwanza aone kwamba hakuna atakayemcheka. Yule mama wa Feri aliandika kwamba mikono yake inanuka samaki hata siku ya harusi, lakini ndiyo iliyosomesha watoto watatu. Makosa ya herufi yalikuwa mengi. Darasa zima lilinyamaza aliposoma, na hakuna aliyeuliza kama neno "inanuka" limeandikwa sawasawa.

Zoezi la pili ni kuelekeza njia. Mwelekeze mgeni ambaye hajafika Dar es Salaam, kutoka kituo cha daladala mpaka mlangoni kwako. Fundi cherehani aliandika: shuka kituoni, ingia uchochoro, ulizia kwangu. Tukampa karatasi hiyo kijana wa kuosha magari, tukamwambia afuate maneno yalivyo bila kuongeza la kwake. Akasema, "Kaka, uchochoro upi? Pale ipo minne." Fundi akacheka, akachukua kalamu, akaongeza duka la dawa, mwembe na geti la bluu. Hakuna aliyemfundisha kwa nadharia kwamba mwandishi lazima amfikirie msomaji wake. Msomaji alipotea mbele ya macho yake, akajua.

Zoezi la tatu ndilo la ubunifu hasa, na ndilo lililozusha kelele. Chukua ugomvi mmoja, uandike mara mbili. Mara ya kwanza andika kama mpangaji ambaye mwenye nyumba anamtaka alipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mara ya pili andika kama mwenye nyumba huyo huyo. Mama lishe, ambaye amepanga chumba kimoja miaka mingi, alikataa katakata kuwa mwenye nyumba. Alisema hawezi kumtetea mtu wa namna hiyo. Siku ya pili akaja na ukurasa mzima. Mwenye nyumba wake alikuwa mjane mzee ambaye hana pensheni, chumba hicho ndicho shamba lake, na mpangaji aliyepita alihama usiku na balbu. Hakuacha kulalamika juu ya kodi ya miezi sita. Lakini alikuwa ameanza kuona atakachojibiwa kabla hajajibiwa, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumshinda kwa maneno.

Wapo watakaosema hadithi ni anasa, kwamba mtu mzima anahitaji hesabu za biashara na ufundi, si kubuni. Mimi naona kubuni ni kazi ya akili kama hesabu. Anayeweza kujiweka katika nafasi ya mtu mwingine ataandika barua ya maombi ikasomeka, kwa sababu atajiuliza huyu anayeipokea anataka kujua nini.

Sasa nije kwenye kuhariri, sehemu ambayo watu wengi huichukulia kuwa ni kusahihisha herufi. La hasha. Herufi ni za mwisho. Fundi hapaki rangi ukuta ambao bado umeinama. Kwanza tunauliza: habari ni ipi? Pili: imepangwa vizuri, la kwanza liko mbele? Tatu: sentensi zinabebeka? Nne: yapo maneno yasiyofanya kazi? Baada ya hayo ndipo tunapotazama kama "r" imekaa mahali pa "l", na kama nukta iko mahali pake. Walimu wengi hugeuza mpangilio huu. Wanarudisha karatasi iliyojaa alama nyekundu za tahajia, na mwanafunzi anaandika upya maneno yaleyale yasiyo na habari, safari hii bila makosa.

Katika chumba cha habari sisi tuna maswali sita ambayo kila mwandishi mchanga huimbishwa: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, na ilikuwaje. Hayo sita yanamfaa pia mtu asiyetarajia hata siku moja kuingia studio. Chombo kingine cha redio ni kusoma kwa sauti. Jicho linasamehe sana, sikio halisamehi. Sentensi inayomaliza pumzi ya msomaji imeshamaliza na subira ya msikilizaji. Tuliweka sharti darasani: pale unapokatika pumzi, weka nukta. Pale unapojikwaa mara mbili, andika upya.

Kulikuwa na shida moja ambayo vitabu vya ualimu vya kigeni haviitaji. Tulipobadilishana madaftari, kijana wa kuosha magari alipata daftari la mzee wa reli. Akalirudisha safi, hana neno. Nilipomwuliza, alijibu kwa sauti ya chini kwamba hawezi kumkosoa mtu wa rika la babu yake. Kijana yule ana malezi mema, na sikutaka kuyavunja. Tukakubaliana darasani kwamba mhariri hatoi hukumu, anauliza. Basi akaanza: "Shikamoo mzee. Hapa sijaelewa, treni ilichelewa Tabora au ilichelewa Dodoma?" Mzee akaitazama karatasi, akasema, "Marahaba, mwanangu. Kweli, sikuandika." Kazi ikafanyika, heshima ikabaki. Tangu siku hiyo tulihariri kwa maswali tu, na nawashauri walimu wote wa watu wazima wajaribu.

Sasa niwape mfano mmoja kamili. Mlinzi wa usiku, ambaye sitamtaja wala sitamtaja mwajiri wake, aliachishwa kazi. Alikuja na barua aliyoandikiwa kwenye kibanda. Kwa idhini yake naisoma:

"Husika na somo tajwa hapo juu. Kwanza kabisa napenda kuchukua fursa hii kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia uzima na pili kukushukuru wewe kwa kazi nzito unayoifanya. Dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulisha kwamba mimi ni mwenye masikitiko makubwa kutokana na suala zima la kuondolewa kazini pasipo kuelezwa sababu yoyote ile ya msingi, hali ambayo imenipelekea mimi na familia yangu kuishi katika mazingira magumu sana. Naomba msaada wako."

Maneno 68. Darasa likaanza kuuliza. Mama wa Feri: "Baba, nani alikuondoa?" Msimamizi. Fundi: "Lini?" Tarehe 4 Machi, saa 12 asubuhi. "Alisemaje?" Nirudishe sare, nisije tena. "Umefanya kazi muda gani?" Miaka sita. "Palikuwa na wizi?" Hapana. Mzee wa reli akauliza swali lililokuwa kubwa kuliko yote: "Sasa unataka nini? Msaada ni neno pana." Mlinzi akakaa kimya kidogo, kisha akasema anataka kujua kosa lake, na anataka mshahara wake wa Februari.

Kila jibu alilolitoa kwa mdomo halikuwemo katika barua. Tukamwambia ayaandike hayo hayo aliyoyasema. Alirudi siku mbili baadaye na hii:

"Nilikuwa mlinzi wa usiku katika kampuni yenu kwa miaka sita. Tarehe 4 Machi, saa 12 asubuhi, msimamizi aliniambia nirudishe sare na nisije tena. Hakunipa barua wala sababu. Nyumba niliyokuwa nikiilinda haikuibiwa. Naomba nipewe sababu kwa maandishi, pamoja na mshahara wa Februari ambao sijalipwa."

Maneno 43. Yamepungua 25, na habari zimeongezeka. Ile ya kwanza ilikuwa na jambo moja tu, kwamba mtu ameondolewa kazini na anasikitika. Hii ya pili ina cheo, muda, tarehe, saa, aliyesema, alichosema, na madai mawili yanayoweza kujibiwa. Masikitiko hayakutajwa popote, lakini anayeisoma ile sentensi ya sare anayaona.

Na tarehe si pambo. Sheria zetu za kazi humpa mfanyakazi anayedai kuachishwa kazi isivyo halali siku 30 kufikisha mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo zinahesabiwa kuanzia tukio. Akichelewa, lazima kwanza aombe asamehewe kuchelewa, na aeleze kwa nini. Barua isiyosema "lini" inaweza kumpotezea mtu haki ambayo anayo mkononi. Ndiyo maana nasema zoezi la uandishi kwa mtu mzima si mchezo wa kupitisha jioni. Mlinzi yule aliipeleka barua mwenyewe, akagongewa muhuri wa kupokelewa juu ya nakala yake, akaihifadhi ndani ya Kurani. Sijui mwandishi wa kibanda angemkumbusha nakala.

Ndugu wasikilizaji, fikra hizi si ngeni. Mwaka 1963 Mbrazili Paulo Freire na wenzake walifundisha kusoma na kuandika wafanyakazi 300 katika mji mdogo wa Angicos, kaskazini mashariki ya Brazil. Hawakuanza na maneno ya kitabu. Walianza na maneno ya watu wenyewe, ya kazi zao na nyumba zao, wakayajadili kwanza, ndipo wakayakata silabi. Mwaka uliofuata jeshi lilipindua serikali, Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Watawala wale walielewa kitu: mtu akishaweza kuandika neno la maisha yake, ataanza pia kuuliza juu ya maisha hayo.

Na hapa kwetu tunaye Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962. Tunamkumbuka kwa mashairi na hadithi, lakini alikuwa karani wa serikali aliyeandika baada ya saa za kazi, na hakupita chuo kikuu. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake Kielezo cha Insha, kitabu cha kuwaonyesha wengine namna ya kuandika insha. Zaidi ya hayo, barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilihifadhiwa, na baadaye zikachapishwa kuwa kitabu. Leo wasomi wanazisoma kujua mtu yule aliishije. Ni barua za ndugu kwa ndugu. Zingekuwa salamu tupu, tungejua nini?

Wapo wanaosema siku hizi hakuna haja ya kuandika, simu imechukua nafasi, mtu anatuma sauti yake na mambo yanakwisha. Naona kinyume chake. Hakuna wakati ambapo watu wa kawaida wameandika kwa wingi kama sasa, hata kama ni kwa dole gumba. Ujumbe wa simu unaandikwa, makubaliano ya mkopo yanaandikwa, maelezo ya mlalamikaji yanaandikwa. Kinachokosekana ni tabia ya kusoma ulichoandika kabla ya kukituma, na ujasiri wa kukataa kutia sahihi usichokielewa. Tabia zote mbili hufundishika, na zote mbili hufundishika jioni moja kwa wiki.

Ningependa kuona kila darasa la watu wazima linatenga saa moja ya kuandika bila kunakili, na saa moja ya kuhariri kwa maswali. Ningependa kuona kazi zao zinabandikwa ukutani na kusomwa kwa sauti mbele ya familia zao siku ya mahafali, badala ya risala iliyoandikwa na mwalimu na kusomwa na mwanafunzi mmoja anayeng'ang'ana na maneno ya watu. Gharama yake ni karatasi.

Kwa wiki hii, nawaachia zoezi. Chukua karatasi, uandike jambo moja lililokutokea tangu Jumatatu, kwa maneno yasiyozidi mia moja. Liache usiku mmoja. Asubuhi lisome kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani mwako, na umwambie asikusifu, akuulize maswali tu. Kila swali atakalouliza, jibu lake liandike. Kisha kata maneno ambayo hakuna aliyeyauliza. Utakachobaki nacho mkononi ni chako, na ukitia sahihi chini yake utakuwa unajua unachokitilia sahihi.